Mfupa wa Uzeeni Hujengwa Ujanani

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nyote: mlioko shuleni na vyuoni, mnaoendesha bodaboda, mnaoshinda madukani na saluni, mlioolewa juzijuzi na mnaolea mimba ya kwanza. Mimi ni bibi yenu, muuguzi mstaafu wa Kanda ya Ziwa. Umri wangu wa kazi niliumaliza katika wodi ya wazazi na wodi ya waliovunjika, huku nikipokea watoto, kule nikiwageuza wazee kitandani. Lipo jambo moja nililolishuhudia pande zote mbili, na sipendi niondoke duniani kabla sijawaambia: mifupa itakayowabeba mtakapofika umri wangu mnaijenga sasa hivi, kwa mnachokula leo, na muda wa kuijenga ni mfupi kuliko mnavyodhani. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naomba mnisikilize.

Madini yanayoupa mfupa ugumu wake ni kalsiamu. Mtu mzima anabeba takriban kilo moja ya madini hayo mwilini, na asilimia 99 imo kwenye mifupa na meno. Asilimia moja inayobaki iko katika damu na ndani ya seli, na kazi yake ni nzito. Bila hiyo moyo haupigi sawasawa, misuli haikazi wala kulegea, mishipa ya fahamu haipelekani habari, na damu haigandi mtu anapojikata. Kwa kuwa kazi hizo haziwezi kusimama hata dakika moja, mwili haukubali kalsiamu ya kwenye damu ishuke. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo zinazoilinda usiku na mchana. Ikipungua kidogo tu, tezi hizo hutoa homoni inayoilazimisha mifupa iachie kalsiamu yake, inayozuia figo zisiimwage kwenye mkojo, na inayoamsha vitamini D ili utumbo unyonye zaidi kutoka kwenye chakula.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kijana anaweza kula vibaya miaka kumi, akapimwa damu, akaambiwa kalsiamu yake iko sawa. Ni kweli iko sawa, kwa sababu inachotwa mifupani. Hasikii maumivu, hana homa, hana dalili yoyote. Mfupa ni ghala: mwenye nyumba anaweza kuteka nafaka humo msimu mzima asijue imebaki kiasi gani, mpaka siku kibaba kinapokwangua sakafu. Na ghala hili hujazwa katika msimu mmoja tu wa maisha. Msichana anapofika miaka 18, na mvulana miaka 20 hivi, karibu asilimia 90 ya uzito wa juu kabisa wa mifupa yake huwa umekwisha kuwekwa. Kidogo kinachobaki huongezwa mpaka mtu anapokaribia miaka 30. Baada ya hapo kazi inabaki kuwa ya kulinda. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa yake hushuka, na katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa alionao. Aliyeingia umri huo na akiba kubwa atapungukiwa na bado atasimama. Aliyeingia na akiba ndogo atavunjika.

Ngoja niwaonyeshe kuvunjika huko kulivyo. Bibi anatoka bafuni asubuhi, kandambili zimelowa, anateleza kizingitini na kuangukia ubavu. Ni anguko ambalo mjukuu wake angeinuka nalo akakung'uta nguo na kwenda zake. Yeye hainuki. Analetwa hospitali amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Muuguzi mzoefu anajua kabla ya eksirei kwamba mfupa wa paja umevunjika pale nyongani. Upasuaji wa kuweka nyonga ya bandia una gharama, na haufanyiki katika kila hospitali. Asipofanyiwa, atalala chali kwa wiki nyingi, na ugonjwa unaomuua mara nyingi hauwi huo wa nyonga: huwa nimonia, au damu iliyoganda mguuni ikapanda mapafuni, au vidonda vya kulalia vilivyooza. Binti yake amefunga genge ili amuuguze. Ada ya wajukuu imeingia kwenye dawa. Anguko lilichukua sekunde mbili, lakini udhaifu wa mfupa ule ulianza bibi huyo alipokuwa msichana.

Sasa tazameni sahani zenu. Viwango ambavyo wataalamu wengi hutumia vinasema kijana wa miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, mtu mzima mpaka miaka 50 anahitaji 1,000, na mwanamke aliyepita miaka hiyo 1,200. Zipo nchi zilizoweka viwango vya chini zaidi. Uingereza, kwa mfano, inamtajia mtu mzima miligramu 700. Hata tukichukua hicho cha chini, wengi wenu hamkifikii. Unga wa mahindi, uwe sembe au dona, una kalsiamu kidogo mno. Mchele ni hivyo hivyo, na viazi vya chipsi havina cha kujivunia. Soda haina kitu. Asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana chipsi mayai na soda, usiku wali na vipande viwili vya nyama: siku nzima hiyo haifikishi hata miligramu 300. Tumbo limejaa, mwili umenawiri machoni pa watu, na mifupa imelala njaa.

Wengine wananiambia, "Bibi, sisi tuna jua la kutosha, matege ni ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi." Sikilizeni kilichoonekana Jos, Nigeria, mji wenye jua kama letu. Watoto walikuwa wakipinda miguu kwa matege ilhali wanacheza nje kutwa. Madaktari walipochunguza chakula chao walikuta kalsiamu ya miligramu 200 hivi kwa siku. Wakawagawa watoto hao makundi: wengine wakapewa vitamini D, wengine kalsiamu, wengine vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Katika makundi yaliyopewa kalsiamu, zaidi ya nusu ya watoto mifupa yao ilipona vizuri ndani ya miezi sita hivi. Katika kundi la vitamini D pekee walikuwa kama mmoja kwa kila watano. Jua, kwa njia ya vitamini D, linausaidia utumbo kunyonya kalsiamu, lakini haliwezi kuunyonyesha kitu ambacho hakikuliwa.

Basi nasaha yangu ya kwanza: msidharau dagaa. Nimeishi ziwani, nawafahamu tangu wanapotua mwaloni mpaka wanapoingia chunguni. Gramu 100 za dagaa wakavu zina kalsiamu inayopita miligramu 1,000, kwa sababu samaki huyu analiwa na miba yake, na miba ni mifupa. Minofu ya sato au sangara, yenye bei kubwa kuliko dagaa, ina sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kwa kuwa mifupa tumeitupa. Na msiogope kwamba miba haimeng'enywi. Watafiti wamepima wakaona kalsiamu ya samaki wadogo wanaoliwa wazima hunyonywa sawa na ile ya maziwa. Kiganja kimoja cha dagaa wakavu kinaweza kukupa kalsiamu ya glasi nzima ya maziwa.

Lakini nendeni mwaloni mkaone wanakokwenda. Malori yanapakia magunia ya dagaa kuwapeleka viwanda vya chakula cha kuku, na mama anayeuza kwa kopo na sado pembeni ya lori hilo jioni anawapikia wanawe ugali kwa mchuzi wa nyanya, kwa sababu watoto wamejifunza shuleni kwamba dagaa ni chakula cha maskini. Tunamlisha kuku mifupa ya watoto wetu. Jambo hilo linaniuma, na nataka liwaume na nyinyi.

Mnaponunua, chagueni waliokaushwa juu ya vichanja, maana wa kuanikwa chini huja na mchanga. Toeni utumbo ule mweusi unaotia uchungu, osheni kwa maji ya moto, lakini uti wa mgongo uacheni mahali pake, na kichwa kikiwa safi msikitupe. Wakaangeni wakauke, watieni kitunguu, nyanya na ndimu, au watwangeni wawe unga mtie kijiko kwenye uji wa mtoto aliyeanza kula. Wa Kigoma, wa Mwanza, dagaa mchele wa Unguja, omena wa jirani zetu Wakenya, mukene wa Uganda, wote wana faida hiyo.

Nasaha ya pili ni maziwa. Glasi moja ya mililita 250 ina miligramu 300 hivi, na mwili unanyonya karibu theluthi ya kalsiamu hiyo. Takwimu za Serikali za miaka ya karibuni zinaonyesha Mtanzania mmoja hafikishi lita 70 za maziwa kwa mwaka, ambazo ukizigawa kwa siku hazijazi hata glasi. Hili si la wasiofuga peke yao. Pandeni Rungwe au Hai alfajiri mtamwona kijana kwenye baiskeli, madumu mawili ya maziwa yamefungwa nyuma, anawahi kituo cha kukusanyia. Nyumbani alikotoka wadogo zake wanakunywa chai ya rangi. Najua maziwa ndiyo ada na ndiyo sabuni, siwaambii msiuze. Nawaambia kikombe cha mtoto kitolewe kwanza, kisha kinachobaki ndicho kiende sokoni.

Wapo ambao maziwa mabichi huwajaza gesi na kuwaharisha. Sababu ni sukari ya maziwa, laktosi, ambayo miili ya watu wazima wengi duniani huacha kuimeng'enya. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake waliandika kuhusu jamii za Tanzania, Kenya na Sudan ambazo miili yao imerithi uwezo wa kuimeng'enya maisha yote, hasa wafugaji. Usiyekuwa na uwezo huo unywe mtindi, kwa sababu bakteria wanaougandisha wamekwisha kula sehemu ya laktosi hiyo, na kalsiamu yote ipo. Maziwa ya ng'ombe yachemsheni kabla ya kuyanywa au kuyagandisha, maana maziwa ghafi hubeba bruselosisi na kifua kikuu. Na mtoto mchanga chakula chake ni ziwa la mama. Ya ng'ombe yamsubiri.

Ya tatu: rudini kwenye nafaka na mboga za bibi zenu. Wimbi una takriban miligramu 340 kwa gramu 100, mara nyingi mno kuliko mahindi, na hakuna nafaka nyingine tunayoila inayoufikia. Ndani yake mna asidi ya fitiki inayoizuia kalsiamu isinyonywe yote, lakini wazee walijua dawa yake kabla haijaandikwa vitabuni. Waliuloweka, wakauotesha ukawa kimea, wakauchachusha wakapata togwa, na hatua zote hizo huipunguza asidi hiyo. Ufuta tunaulima kwa wingi Lindi na Mtwara, tunaupeleka mnadani na kuusafirisha nje sehemu kubwa, wakati mbegu zake zisizokobolewa zina kalsiamu inayokaribia miligramu 970 kwa gramu 100. Kashata ya ufuta ingekuwa kwenye mkoba wa kila mwanafunzi badala ya pipi. Unga wa ubuyu halisi nao unayo ya kutosha. Ule wa rangi na sukari wa kwenye vipakiti muuhesabu kuwa peremende.

Kwenye mboga kuna tofauti ambayo ni lazima muijue. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake kwa ukarimu, na utumbo hunyonya sehemu kubwa kuliko hata ya kwenye maziwa. Spinachi inayo nyingi ikipimwa maabara, lakini asidi ya oksaliki imeishika, na mwili unapata kama asilimia 5 tu. Mchicha nao una asidi hiyo. Siwazuii kuula, una madini na vitamini nyingine nyingi, ila msiutegemee peke yake kwa mifupa. Kisamvu, majani ya kunde na sukuma wiki vipokezane nao mezani.

Ya nne, jihadharini na vinavyoichota kalsiamu. Chumvi ni mmoja wa wezi wakubwa. Figo zinapotoa chumvi hutoka na kalsiamu, na kila gramu 6 za chumvi, kama kijiko kimoja cha chai, huondoka na takriban miligramu 40. Mnaomwagia chipsi chumvi kabla ya kuonja mnaongeza hasara juu ya upungufu. Soda dhambi yake kubwa ni kukalia kiti cha maziwa. Sigara na pombe nyingi hudhoofisha mfupa moja kwa moja, na hapa nawasemea wavulana mnaodhani habari za mifupa ni za akina mama. Mwanamume naye huvunjika nyonga, na akivunjika mara nyingi hufa mapema kuliko mwanamke aliyevunjika vilevile.

Na kuna jambo jipya ambalo enzi zetu halikuwepo. Nasikia mabinti wananunua vidonge vya kunenepesha ili wapate umbo. Vingi vya hivyo ni deksamethasoni au prednisoloni, dawa za steroidi ambazo daktari huzitoa kwa uangalifu mkubwa na kwa sababu maalumu. Zikitumika muda mrefu bila mpango huzuia utumbo kunyonya kalsiamu, huua seli zinazojenga mfupa, na huinua sukari na shinikizo la damu. Uso unavimba mkaona ni kunawiri, kumbe ndani mfupa unakonda. Krimu kali za kujichubua zenye steroidi nazo hupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Binti yangu, umbo unalolinunua kwa vidonge hivyo litakulipisha uti wa mgongo. Anayevitumia sasa asiviache ghafla kwa woga, kwa sababu kuviacha ghafla nako kuna hatari. Aende hospitali, aseme ukweli, apunguziwe taratibu.

Ya tano, msikimbilie makopo ya vidonge vya kalsiamu. Wanapita watu mitaani na kompyuta ndogo, wanakushikisha kifaa cha chuma mkononi, kisha kioo kinaandika kwamba umepungukiwa kalsiamu, na dawa wanayo kwenye mkoba. Mfupa haupimwi kwa kushika chuma. Kipimo chake ni picha maalumu ya eksirei inayopima uzito wa mfupa nyongani na kiunoni, na inasomwa na daktari. Vidonge vina mahali pake, lakini visitumike kwa kukisia. Marekani, wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi walifuatiliwa kwa miaka kadhaa, nusu yao wakimeza kalsiamu na vitamini D. Mifupa ya nyonga iliimarika kidogo tu, na mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2006. Miaka 13 kabla yake, utafiti wa wanaume zaidi ya 45,000 ulionyesha kwamba waliokula kalsiamu nyingi kwenye chakula walipata mawe ya figo kwa uchache kuliko waliokula kidogo. Sababu inaeleweka: kalsiamu inayoingia pamoja na chakula huikamata ile asidi ya oksaliki tumboni, zikatoka pamoja kwenye choo zisifike kwenye figo. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 asipitishe miligramu 2,500 kwa siku kwa njia zote, na aliyepita umri huo 2,000.

Mlioko kwenye miteremko ya Meru na nchi ya chini ya Kilimanjaro nina neno lenu la pembeni. Maji ya baadhi ya vijiji vyenu yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi hupinda miguu ya watoto. Mtoto anayekula kalsiamu kidogo huumizwa zaidi na maji hayo. Tumieni maji yaliyochujwa. Kule Ngurdoto kuna kituo kilichofanya kazi miaka mingi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Na magadi mnayotia kwenye maharage na makande yapunguzeni, kwani nayo huja na floraidi, na wala si chakula cha mifupa.

Sasa nawageukia mabinti mnaotarajia kuwa mama. Mtoto tumboni hujengewa mifupa kwa takriban gramu 30 za kalsiamu, nyingi zikienda miezi mitatu ya mwisho. Mungu ameuwekea mwili wa mama utaratibu: utumbo hunyonya zaidi wakati wa mimba, na mfupa unaopungua wakati wa kunyonyesha hurejea baada ya kuachisha. Lakini msichana wa miaka 16 mifupa yake mwenyewe haijamaliza kujengwa. Kumbebesha mimba ni kumgombanisha na mwanawe juu ya sahani moja. Wazazi na walezi mnaosoma haya, hiyo nayo ni sababu ya kumwacha binti amalize shule.

Kalsiamu inahusika pia na kifafa cha mimba, maradhi niliyoyaogopa kuliko yote wodini. Shinikizo la damu linapanda, mama anaumwa kichwa, macho yanaona ukungu, kisha degedege linamwangusha. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza wajawazito wa sehemu zenye kalsiamu kidogo kwenye chakula wapewe gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa sababu hupunguza hatari hiyo. Tatizo ni wingi na uzito wa vidonge. Ndipo ukafanyika utafiti mkubwa Dar es Salaam na Bangalore, India, wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza kila upande, kulinganisha miligramu 500 na 1,500. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kwa Tanzania, waliopata kifafa cha mimba au dalili zake walikuwa kama 3 kwa kila 100 katika makundi yote mawili, na kwa ugonjwa huo dozi ndogo haikuonekana kuwa duni. Kwa hiyo hudhurieni kliniki mapema, kabla ya wiki 12, mpimwe shinikizo, na muulize kuhusu kalsiamu. Mkipewa, msiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu kalsiamu hukizuia chuma kunyonywa. Kimoja asubuhi, kingine jioni. Na ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni hauna tiba ya mifupa. Huziba chuma kisinyonywe na unaweza kubeba mayai ya minyoo na risasi. Hamu yake ikiwashika, mwambieni muuguzi awapime damu.

La mwisho ni jasho. Mfupa usiobebeshwa mzigo hauoni sababu ya kuwa imara. Kimbieni, rukeni kamba, chezeni rede na mpira, limeni, pandeni ngazi. Kalsiamu inakwenda pale kazi inapoiita. Tokeni nje juani mikono na miguu ipate mwanga. Mabinti mnaojisitiri mwili mzima, uani kwenu kwenye faragha panatosha. Mtoto mchanga asifichwe chumbani miezi mizima akifunikwa blanketi.

Sijawaagiza chochote cha kuagizwa kutoka ng'ambo. Dagaa wapo sokoni, wimbi upo kwa wauza nafaka, mtindi upo kwa jirani mwenye ng'ombe, sukuma wiki inaota kwenye kopo barazani. Kinachokosekana ni heshima tunayopaswa kuvipa vyakula hivi. Anayepanga chumba chuoni na kupika kwa jiko la gesi moja anaweza kuvimudu. Mwenye watoto avitie kwenye sahani zao kabla hawajajifunza kuvionea aibu, na anayekaa na bibi au babu ampe glasi ya maziwa jioni, akaushe sakafu ya bafu, aweke taa ya kumwangazia njia usiku.

Mwenyezi Mungu awape umri mrefu, na aujalie umri huo muufikie mkiwa wima, mnakwenda shambani, sokoni na kwenye ibada kwa miguu yenu wenyewe. Kwa upande wenu, dua hiyo ianze kujibiwa kwa chakula cha jioni hii.

Ndimi bibi yenu, ninayewapenda.